Wamenizibia ukwato wa mbuzi, halafu wakanidai hela: uzoefu wangu wa kupiga rangi matofali ya kuchoma

Nianze na nyota ninazoipa kampuni ya rangi: moja. Kungekuwa na namna ya kutoa nusu, ningetoa nusu. Najua wapo watakaoniambia nimsamehe kijana wa watu, msimamizi wao, na mama yangu mzazi ndiye wa kwanza, lakini aliyeandikiwa kwenye ankara "kuziba shimo la ukutani, 15,000/=" ni mimi.

Shimo!

Nyumba iko Mafinga, mkoani Iringa. Aliijenga baba kwa matofali aliyofyatua mwenyewe bondeni, akayachoma kwa mabanzi ya kwenye mashine za mbao. Wa Dar mliozoea tofali la saruji niwaelezee kidogo. Ni nyumba nyekundu, nje imepigwa pointi ya saruji kati ya tofali na tofali, ila kilichoshika matofali kwa ndani ni udongo mtupu. Sebuleni kuna dohani kubwa ya kuotea moto, maana Juni na Julai huku si za kuzifanyia mzaha, asubuhi ukifungua mdomo unatoka moshi kama wa mvuta sigara.

Sasa juu ya mdomo wa ile dohani, katikati kabisa, kulikuwa na tofali lenye alama ya ukwato wa mbuzi. Matofali mabichi yalikuwa yameanikwa, mbuzi wa jirani akapita juu yake kama kwenye zulia. Yaliyoharibika baba aliyarudisha kwenye tope. Hilo moja akalikausha, akalichoma, akalijenga mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuliona. Kila mwenye mbuzi alipokuja kuota moto, baba alikuwa anamwonyesha kwa fimbo: "Deni lako lile pale, halijafutika." Mzee yule alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Wote wawili sasa hawapo. Utani wenyewe tumebaki nao mimi na mama.

Nani alinituma kupiga rangi? Simu. Ile jioni moja baada ya nyingine unaangalia picha za nyumba za watu, ukuta wa matofali umepakwa mweupe, dohani nyeupe, juu yake kimewekwa kioo na ua. Na mama alikuwa analalamika kweli. Macho yake yameanza ukungu, na sebule ya matofali mekundu yaliyokula moshi miaka yote hiyo ni pango. Saa kumi jioni unawasha taa. Kwa hiyo sikuwa na wazimu, nilikuwa na sababu.

Nikatafuta kampuni ya mafundi rangi. Sitaji jina, wenye kujua watajijua. Akaja msimamizi, kijana msafi, kiatu kina ncha, akagonga ukuta wa baba kwa funguo za gari, ko ko ko, akasema: "Dada, tofali bila rangi ni nyumba ambayo haijaisha. Watu wameshatoka huku."

Wameshatoka huku wakaenda wapi? Mwaka 1977, alipokuwa anapima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakaripia watu wanaodharau tofali la kuchoma na kigae, wakakaa kusubiri bati na saruji, ambayo aliiita udongo wa Ulaya. Baba alilipenda sana karipio hilo. Alijenga kwa kulitii, ingawa bati aliweka, kigae kilimshinda. Leo mwanawe nimeita watu waje kuficha tofali ili lifanane na plasta ya saruji. Hapo hata mbuzi angenicheka. Lakini siku ile nilisema, "Sawa fundi, lini mnaanza?"

Wakaja vijana watatu, na kwa haki niseme wale vijana hawakuwa na shida. Wanasalimia, shikamoo mama, kamwene (salamu ya huku), wanafagia wakimaliza. Nje walipiga rangi ya maji nyeupe juu, na chini, kama mita moja kutoka ardhini, rangi ya mafuta ya kijivu kuzunguka nyumba nzima, "ili tope la mvua lifutike kwa kitambaa". Nikaona ni akili. Ndani wakasugua dohani kwa brashi ya waya, wakapiga nyeupe, mpaka ndani ya mdomo kabisa pale moto unapokaa.

Siku ya kumaliza nilikuwa kazini. Narudi jioni, mama amekaa sebuleni anashona kitufe bila kuwasha taa. Anatabasamu. Nikafurahi kwa muda wa kama kuvua viatu. Kisha nikatazama juu ya dohani.

Laini. Laini kama shavu la mtoto. Wametia puti, wamepiga msasa, wamepaka. Ukwato haupo.

Nilimpigia msimamizi simu pale pale, hata mkoba sijaweka chini. Nikamweleza kwa adabu, naapa kwa adabu, kwamba lile halikuwa shimo, ilikuwa kumbukumbu ya mzee. Akanyamaza kidogo. Mimi nikadhani anatafuta maneno ya kuomba radhi. Akasema: "Sasa mama, sisi tulikuja kupiga rangi au kutunza makumbusho?" Tazameni, asubuhi nilikuwa dada, jioni nimekuwa mama. Akaongeza: "Mtu mzima unalilia tundu." Akakata.

Jibu zuri lilinijia kama saa saba usiku. Siliandiki hapa, mama huwa anasomewa simu yangu na wajukuu.

Ankara ikaletwa kesho yake na kijana mdogo kuliko wote, maskini, anaangalia chini. Mstari wa nne: kuziba shimo. Yaani wamelizika na jeneza nanunua mimi.

Basi nikaanza kuwa mkaguzi. Nilipata vingi, na hapa ndipo mtu anayetaka kupiga rangi matofali yake asome vizuri, hata kama hasira zangu zinamchosha.

La kwanza ni dohani. Tulivyowasha moto wa kwanza, kabla hata mabanzi hayajashika, ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Tukafungua madirisha yote, Julai, Mafinga, mama amejifunga mablanketi mawili. Rangi ya ndani ya mdomo ikageuka kahawia, ikajikunja kama maganda ya kitunguu, ikaanza kudondokea kwenye majivu. Rangi ya maji ya ukutani ina gundi ya plastiki ndani yake, haikutengenezwa kulambwa na moto. Pale moto unapokaa pangeachwa na tofali lake. Fundi rangi hajui hilo? Mtoto wa darasa la tatu anajua.

Na nje ya mdomo, juu, baada ya wiki chache tu yakatokea madoa ya manjano kama mtu amemwagia chai. Hapa tumechoma mabanzi ya paina miaka yote, na paina ina utomvu, moshi wake unaacha masizi yenye lami ambayo yamezama ndani ya tofali. Brashi ya waya ilitoa ya juu tu. Ilitakiwa kuosha kwa maji ya moto na sabuni kali, kuacha pakauke sawasawa, kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia madoa, ndipo rangi yenyewe. Wao walipiga rangi juu ya masizi, masizi yakarudi kusalimia. Na ile brashi ya waya, hebu mtu aniambie, kwa nini isugue tofali mpaka ngozi inatoka? Tofali la kuchoma ngozi yake ya nje ndiyo ngumu, ukiichubua, ndani ni unga.

La nje sikuliona mpaka mvua zilipokuja. Ile rangi ya mafuta ya kijivu ikaota malengelenge. Ukibonyeza kwa kidole yanatoa maji. Mengine yakapasuka, rangi ikabanduka kipande kizima kama gamba, nyuma yake imeshika ngozi ya tofali, na ukutani umebaki unga mweupe. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Si kwa ajili ya ukuta peke yake, mnajua.

Nikamwita mzee mmoja fundi, alijifunzia kazi misheni zamani. Akachukua ule unga kwa kidole, akaonja. "Chumvi." Akachukua kikombe cha maji akamwagia kidogo kwenye tofali lililobaki wazi pembeni ya stoo. Maji yakanywewa hapo hapo, kama mchangani. Akasema tofali linalokunywa hivyo limezoea kunywa na kukausha, kunywa na kukausha, mwaka mzima. Maji yanapanda kutoka chini, maana wazee hawakuweka nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, na mengine yanaruka kutoka kwenye bati yakipiga ardhi. Yakiingia yanatafuta pa kutokea. Rangi ya mafuta imefunga, basi yanaisukuma, na chumvi inayeyuka na kuganda mle nyuma, inatafuna tofali. Akagonga matofali mawili yaliyobaki kwenye ua. Moja likalia ngli, jingine likasema pu. "Hili la pu lilikaa pembeni ya tanuri, moto haukulifikia. Ukuta wa baba yako una haya mengi chini." Sijui kama alikuwa anamsema baba. Niliamua hamsemi.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba, na sipendi. Kwanza, juu, kule kwenye rangi ya maji, ukuta haujafanya kitu mpaka leo. Umetulia, mweupe, unapendeza, majirani wanauliza. Pili, yule mzee aliponiuliza "Gata ziko wapi?", nilikosa jibu. Nyumba haina gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa. Haijawahi kuwa nayo. Maji ya paa lote yanaanguka hatua moja kutoka ukutani, yanaurukia. Mzee akasema nichimbe mfereji, niweke gata, nikwangue ile rangi ya mafuta taratibu kwa mkono bila mashine ya kusaga, niache ukuta ukauke kiangazi kizima, na nikitaka weupe chini nipake chokaa. Chokaa inaruhusu maji kutoka. Inachakaa, utarudia baada ya misimu kadhaa, lakini haibanduki na ngozi ya tofali.

Kwa hiyo nyota mbili. Haya, tatu kwa wale vijana watatu, moja kila mmoja. Kama nyumba yako ni kavu, ina gata, matofali yamechomwa yakaiva, na unatumia rangi inayopitisha hewa, sikukatazi kupiga rangi. Ila ujue hurudi nyuma. Nimeuliza gharama ya kutoa rangi kwenye dohani nikaambiwa bei inayozidi ya kuipaka, na fundi mwenyewe hana hakika tofali litabaki na sura. Ni kama kutoboa sikio, lakini sikio la nyumba ya baba yako.

Na ndani? Mama hawashi taa mpaka saa kumi na mbili na nusu. Anasoma Biblia yake dirishani bila kukunja uso. Nikianza kulaumu dohani ananiambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa naishi chunguni." Nitamjibu nini? Madoa ya manjano anasema hayaoni. Ni kweli hayaoni, ndiyo maana tulipiga rangi.

Lakini nikikumbuka "makumbusho" nyota zinashuka tena. Ingekuwa alisema neno moja, pole, hata kwa uongo, ningelipa siku ile ile na hata haya nisingeandika. Rangi mbaya inakwanguliwa. Angeuliza swali moja tu kabla ya kutia puti, "Mama, hili tofali lina alama, tuache?" Nusu dakika. Walikuwa wananiuliza kuhusu chai mara tatu kwa siku.

Wiki iliyopita nilipanda kwenye kiti na msumari na mpini wa kijiko. Puti yao ni ngumu, hilo nawasifu, laiti rangi ingekuwa na roho hiyo. Nilichimba jioni mbili. Kidole kimoja cha ukwato kimetoka kizima, mpaka ule mstari wa katikati. Cha pili kilivunjika ukingo, sasa kinafanana zaidi na cha nguruwe. Mama alipapasa kwa kidole chake, akacheka mpaka akakohoa kama yule mzee. Sasa kuna kiraka chekundu katikati ya weupe wote, na unga wa puti bado uko kwenye zulia.

Nimebakiza kulipa laki moja na nusu. Msimamizi anapiga simu kila Ijumaa, na amerudi kuniita dada. Mama anasema nimlipe kijana wa watu, chumba kimependeza. Nimemwambia nitalipa, nikitoa ile elfu kumi na tano. Ijumaa hii hajapiga.