Askari wa plastiki wakubwa kwa mchezo wa vita vya zamani: ukiwa Dodoma uanze na wapi

Wakuu, hii naandika kwa sababu kila Jumapili tukicheza hapa nyumbani Area C lazima jirani mmoja asimame aulize hawa askari nimewatoa wapi na yeye akitaka kuanza aanzie wapi, na mpwa wangu naye kaanza kukusanya wake, kwa hiyo bora niyaweke yote sehemu moja.

Tunachocheza ni vita vya kihistoria, yaani mnachukua pigano lililotokea kweli, mnapanga askari wa pande mbili, mnapima mwendo kwa futi na mnarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kasimama. Mimi nacheza na wale wakubwa, wa milimita 54, skeli ya 1/32 yaani mara 32 wadogo kuliko mtu wa kweli, askari mmoja anakaribia urefu wa kidole gumba. Saizi hii ni ya siku nyingi sana, mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake za mchezo akitumia askari wa madini wa Britains wa saizi hiyohiyo na mzinga wa springi unaofyatua kweli. Kwetu Dodoma saizi kubwa ina faida nyingine, unacheza nje chini kwenye udongo, mawe yanakuwa milima na shina la mti linakuwa mbuyu, wakati wale wadogo wa 1/72 wanapotea kwenye mchanga mpaka mnaacha mchezo mnaanza kutafuta askari.

Kabla ya kununua chochote omba picha ya askari amesimama pembeni ya rula. Nasisitiza hili kwa sababu mimi nilishatuma hela kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeandika ni askari wakubwa, nimesubiri wiki kibao, kufungua mfuko ni vitu vya sentimita mbili na nusu, hela ikaishia hapo. Na hata wakubwa wenyewe hawalingani, kampuni moja inapima mpaka machoni, nyingine mpaka utosini, nyingine wanafika milimita 60, sasa ukiwapanga mstari mmoja unaona mtu na jitu. Tofauti ya milimita mbili tatu sio shida, ila 60 waweke kikosi chao peke yao.

Namba moja kwangu ni kampuni ya Armies in Plastic ya Marekani, na sio kwa sababu wana sura nzuri kuliko wote, maana sura zao za kawaida tu, bali kwa sababu wao ndio wametengeneza vita vya karne ya 19 na vita ya kwanza ya dunia kwa upana, na hapo ndipo historia yetu ilipo. Mfano Wazulu wao. Wangoni wametoka kusini huko huko na mbinu zao walikuja nazo, na Wahehe nao wakajifunza mengi kwa Wangoni, mikuki na ngao, kwa hiyo boksi mbili za Wazulu unaweza kucheza pigano la Lugalo la tarehe 17 Agosti 1891, pale Mkwawa alipoisambaratisha safari ya Zelewski, kamanda wa Mjerumani. Upande wa Mjerumani chukua Wamisri wao wenye tarbushi na bunduki. Hii sio kubahatisha, Wissmann, mkubwa wa Mjerumani huku, alipounda jeshi lake mwaka 1889 askari wengi aliwaajiri Misri, Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la huko, kwa hiyo ukimpaka khaki Mmisri wa plastiki na ukamfunika tarbushi yake kwa rangi ya khaki umeshapata askari wa Mjerumani anayekubalika.

Na kwa sisi wa huku pigano lenyewe la kuanza nalo ni Kondoa. Ni mkoa wetu, unapanda barabara ya Babati tu. Aprili 1916 jenerali van Deventer wa upande wa Mwingereza na Waafrika Kusini wake wa farasi walishuka kutoka upande wa Arusha kwenye mvua kubwa, farasi wakafa kwa wingi, tarehe 19 wakaingia Kondoa wakiwa wamechoka na njaa, halafu mwezi wa tano Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, akaja kuwashambulia usiku akashindwa kuwatoa. Kimchezo ni pigano tamu sana maana pande zote zina udhaifu, huyu hana farasi wala chakula, yule anapanda mlima gizani na sehemu ya askari wake wana bunduki za zamani za mwaka 1871 zinazotoa moshi mzito unaowaonyesha walipo. Sisi tuna kanuni kwamba ukipiga na bunduki ya moshi unaweka pamba mbele ya kikosi, na adui akikulenga anaongeza moja kwenye dadu. Julai 29 mwaka huohuo Dodoma yenyewe ikachukuliwa, hilo nalo tunaliandaa.

Namba mbili ni Airfix na Italeri za 1/32. Hawa wamechongwa vizuri zaidi, mikunjo ya shati unaiona, vidole unavihesabu, ila ni zaidi vita ya pili ya dunia. Kama babu yako alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, basi hapa ndipo pako, chukua Waingereza wa jangwani wenye kaptula, wapake rangi ya ngozi inayotakiwa, una kikosi cha kwenda Ethiopia 1941. Burma nguo ni nyingine kabisa, usiwapeleke na kaptula zile. Tatizo la hizi boksi ni watu wachache ndani na pozi za ajabu, kuna anayetambaa, kuna anayepanda ukuta, wakati kwenye mchezo unataka wanaotembea, wanaolenga na afisa mmoja.

Namba tatu mifuko ya kijani na kaki kutoka China, hii unaipata Kariakoo kirahisi, na hapa Dodoma jaribu kuzunguka Machinga Complex pale Bahi Road au Majengo, bei yake kama sahani ya chipsi kuku. Usiwadharau. Helmeti zao ni za Kimarekani za vita ya pili kwenda mbele, kwa hiyo kwa Kondoa hawafai kabisa, lakini kwa kujifunza kanuni na watoto hakuna kinachowazidi. Angalia nyayo tu, wengi wanakuja na kitako kilichopinda, askari hasimami. Maji ya moto sekunde chache, mkandamize kwenye kigae mpaka apoe, ananyooka. Mikuki iliyopinda nayo dawa yake hiyohiyo.

Victrix nimewaweka namba nne ingawa kwa uzuri wangekuwa wa kwanza. Wanakuja vipandevipande, mikono huku vichwa kule, plastiki ngumu inayokubali gundi na rangi safi kabisa, lakini ni Wafaransa na Waingereza wa enzi za Napoleon na bei imesimama. Ukiwa unaipenda Waterloo nunua bila kusita.

Za mwisho ni zile za zamani, Marx za Marekani na Britains Deetail zenye kitako cha chuma zilizoanza 1971. Za kuweka kabatini. Plastiki ya miaka mingi inakauka, unamshika mkono unabaki nao.

Sasa plastiki yenyewe. Isipokuwa Victrix, karibu wote hapo juu ni plastiki laini, jamii moja na dumu la maji, na kila mtu anajua supaglu haikamati dumu, fundi analiziba kwa kuyeyusha na chuma cha moto. Askari naye hivyohivyo, mkono ukikatika pasha pini, itumbukize pande zote mbili ndio uunganishe. Rangi nayo inabanduka. Wazulu wangu wa kwanza niliwapaka siku nzima, mchezo mmoja tu mikuki yote ikarudi kuwa ya plastiki. Waoshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki kwanza maana wanatoka kiwandani na mafuta, waache wakauke kabisa, piga praima ya plastiki, rangi ya maji, halafu mwishoni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, inakuwa kama ngozi juu ya rangi.

Na upepo. Mwezi wa sita mpaka wa nane Dodoma hapa upepo unaangusha kikosi kizima kabla hujarusha dadu. Kusanya vizibo vya soda, vijaze udongo na gundi nyeupe, chomeka kitako cha askari humo kikauke, anapata uzito na ardhi yake inakuwa udongo mwekundu wa hapahapa. Mchezo ukiisha usiwaache kwenye gari juani, wanainama wote.

Kuagiza, gharama kubwa ni usafiri sio askari, kwa hiyo agizeni watu watatu wanne pamoja na mwombe muuzaji atoe maboksi atume mifuko tu ya askari, na tunza risiti kwa ajili ya ushuru. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka nje ndio bora zaidi, mzigo ukishafika Dar mtu akipanda nao SGR asubuhi mchana uko nao. Mimi agizo la kwanza ningeweka boksi mbili za Wamisri, moja ya Waingereza wa khaki, moja ya farasi, na kama kuna mwenye bombomu, yaani bunduki ya mashine, chukua wawili, maana kila kampuni ya Mjerumani ilitembea nazo na bila hizo Kondoa haichezeki.