Omega-3 kwa Ubongo: Ununue Nini Nairobi, na Nini Ukiache Rafuni

Ukiingia duka la dawa, geuza chupa kabla ya kuuliza bei. Mbele imeandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa, na wengi hulipia nambari hiyo. Huo ni uzito wa mafuta yote ya samaki ndani ya kapsuli. Unachokitafuta kwa ajili ya ubongo ni aina mbili za omega-3, EPA na DHA, na viwango vyake huchapishwa nyuma kwa maandishi madogo. Kapsuli ya kawaida ya 1000 mg huwa na EPA 180 mg na DHA 120 mg. Ni 300 mg kwa jumla, na zilizobaki ni mafuta mengine tu.

DHA ndiyo yenye uzito zaidi kwa watoto, kwa sababu ni sehemu ya utando wa seli za ubongo na wa retina ya jicho. Mwili huikusanya kwa kasi mtoto akiwa tumboni na katika miaka yake miwili ya kwanza. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka 250 mg za EPA na DHA kwa siku kwa mtu mzima, na 100 mg za DHA kwa mtoto wa miezi 7 hadi 24. Mama mjamzito au anayenyonyesha huongeza DHA ya 100 hadi 200 mg juu ya hizo 250. Kuanzia miaka 2, mtoto hufuata ushauri uleule wa mtu mzima: samaki wa mafuta mara moja au mbili kwa wiki.

Kabla hujatoa pesa, mzazi, nisikilize kuhusu mitihani. Kila inapokaribia, matangazo ya omega huongezeka, na ahadi ni kwamba mtoto atashika masomo haraka. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwapa watoto wa miaka 7 hadi 9 DHA ya 600 mg kila siku kwa wiki 16. Waliokuwa nyuma zaidi katika kusoma walionekana kusonga mbele kidogo. Watafiti haohao walirudia jaribio, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba nafuu ile haikuonekana tena. Kwa wazee, utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2015 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 kwa miaka 5, na omega-3 haikupunguza kasi ya kupotea kwa kumbukumbu. Kwa hiyo nunua ili kujaza pengo la lishe, hasa kama nyumbani samaki hawaliwi. Anayekuuzia alama za mtihani, au anayedai chupa yake inatibu usonji, muache aende zake.

Sasa orodha, kuanzia nisiyosita kuipendekeza.

1. Samaki wadogo wenye mafuta. Gramu 85 za sadini wa kopo zina takriban 1,200 mg za EPA na DHA, karibu mahitaji ya siku tano ya mtu mzima. Makreli wa kopo hawako mbali sana. Hakuna kapsuli rafuni itakayokupa kiasi hicho pamoja na protini, kalsiamu ya mifupa na vitamini D. Kopo la tuna ni jambo lingine: tuna wa kawaida wa kopo huwa na takriban 190 mg kwa gramu hizohizo 85, kwa hiyo usimchukue ukidhani ni sawa na sadini. Tilapia naye, tunayempenda sana kwa ugali, ana mafuta machache na DHA kidogo. Ni chakula kizuri, lakini hesabu hii haimbebi.

Na omena? Naitetea kwa moyo wote. Inauzwa kwa gorogoro Gikomba, Toi, Kawangware na karibu kila soko la mtaa, ina DHA, na kwa kuwa huliwa nzima na mifupa yake, mtoto anapata madini pia. Shida yake ni kuanikwa vibaya, kwa sababu mafuta ya samaki huharibika yakikaa kwenye jua na hewa. Chagua inayong'aa kama fedha, uikatae iliyogeuka rangi ya manjano au yenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Iloweke kwa maji moto, uioshe vizuri, kisha uipike kwa nyanya na kitunguu badala ya kuizamisha kwenye mafuta hadi ikauke kama kuni. Kwa mtoto mdogo, isage uichanganye na uji au viazi.

2. Kapsuli zenye mafuta yaliyokolezwa, kwa mtu mzima asiyekula samaki. Tafuta EPA na DHA zinazofika 500 mg au zaidi kwa kapsuli moja. Bei yake hutisha ukiitazama juujuu, basi fanya hesabu. Chukulia chupa ya kapsuli 60 zenye 300 mg inauzwa shilingi 1,200: umepata 18,000 mg, kwa hiyo kila 100 mg imekugharimu karibu shilingi 6.70. Nyingine ya kapsuli 60 zenye 600 mg inauzwa shilingi 2,100: umepata 36,000 mg, na kila 100 mg ni karibu shilingi 5.80. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Chunguza pia kipimo kwenye lebo, kwa maana kampuni nyingine huandika kiasi cha kapsuli mbili au tatu kana kwamba ni cha moja. Meza wakati wa chakula chenye mafuta kidogo, mwili huyapokea vizuri zaidi.

3. Mafuta ya samaki ya maji, kwa watoto. Mtoto mdogo asipewe kapsuli nzima kwa sababu inaweza kumkaba. Mafuta ya maji unayapima kwa kijiko, unajua hasa DHA aliyopata. Chupa ikishafunguliwa iweke kwenye friji na uzingatie muda ulioandikwa. Ladha ya chungwa au stroberi inaweza kuficha mafuta yaliyochacha, kwa hiyo yaonje mwenyewe kwanza. Yakikuachia ladha chungu au kama ya rangi ya kupaka ukuta, yarudishe.

4. Mafuta ya mwani. Samaki wenyewe hupata DHA yao kutoka kwa mwani, kwa hiyo hapa unakwenda kwenye chanzo. Yanafaa familia zisizokula nyama wala samaki na wenye mzio wa samaki. Yangepanda juu ya orodha hii kama si bei. Wasomaji Waislamu, tazameni pia ganda la kapsuli: jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe, na lebo isipoeleza mwulize mfamasia. Kapsuli nyingi za mwani hutumia ganda la mimea.

5. Kapsuli za kawaida, zenye EPA na DHA za 300 mg. Zinatosha kwa mtu mzima anayetaka kapsuli moja kwa siku na hana makuu. Zikubali bei ikiwa nzuri.

6. Mafuta ya ini la chewa (cod liver oil). Vizazi vya Nairobi vimelelewa kwa kijiko hiki, na EPA na DHA zake ni nzuri. Hofu yangu ni vitamini A. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ambayo hayajapunguzwa vitamini hiyo kinaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,300, ilhali kiwango cha juu kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3 ni 600 kwa siku. Watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 tayari hupewa matone ya vitamini A kila miezi sita, na unga wa mahindi na mafuta ya kupikia huongezewa vitamini hiyo kwa mujibu wa sheria tangu 2012. Ukiyanunua, fuata kipimo cha umri bila kuzidisha na usiyachanganye na multivitamini yenye vitamini A. Mjamzito asiyatumie.

7. Jeli za kutafuna. Watoto huzililia, na nyingi zina sukari nyingi na DHA ya miligramu chache tu. Soma nyuma: ikiwa jeli mbili hazifiki hata 100 mg, umenunua peremende.

8. Omega 3-6-9. Omega-9 mwili hujitengenezea, omega-6 ipo tele kwenye mafuta ya alizeti na ya mahindi. Unalipia vitu viwili usivyovihitaji, na omega-3 inapunguzwa ili kuvipa nafasi.

9. Kapsuli za mbegu za kitani. Kitani na chia ni chakula bora, vinyunyize kwenye uji. Lakini omega-3 yao ni aina nyingine, iitwayo ALA, na mwili hugeuza chini ya asilimia 15 yake kuwa EPA na DHA. Kwa ubongo, kapsuli hizi si mbadala wa samaki.

Popote utakaponunua, iwe duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, lenye mfamasia wa kuuliza. Kataa chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, na inayouzwa kwa mkono kwenye matatu au stendi. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, aongee na daktari kwanza, kwa sababu vipimo vikubwa vya omega-3 vimehusishwa na aina moja ya mapigo hayo mabaya. Na ikiwa mtoto wako anachoka haraka, amepauka na hasikilizi darasani, apimwe damu kwanza: upungufu wa madini ya chuma huathiri ubongo pia, na hakuna chupa ya omega itakayouziba.