Vichwa vya risasi vya jeshi: bei poa, lami ya bure

Nimechukua vichwa 500 vya M80 (aina ya risasi za bunduki za jeshi), milimita 7.62, vilivyong'olewa kwenye risasi kuukuu za jeshi la Marekani. Naishi Texas, najitengenezea risasi kwa kujaza maganda mwenyewe gereji, kwa kulenga shabaha tu. Vimekuja na alama za koleo ubavuni na lami nyeusi ya kuzuia unyevu. Mke wangu hataki kuiona tena kwenye sinki lake! Uzito rasmi ni greni 147, yaani gramu 9.5 hivi. Mizani yangu ilisoma 145 hadi 149. Kwa mita 100 vinatosha, kwa mashindano sahau. Kilichoniudhi: koti (tabaka la nje la kichwa) ni chuma kilichovikwa shaba, vikanata kwenye sumaku ya mlinzi wa uwanja wa shabaha, ambao haukubali vichwa vyenye chuma, nikarudishwa nyumbani. Tangazo halikusema. Nyota tatu.