Refraktomita ya bei nafuu na anemoni aliyekaribia kunifia

Haya, hamjambo nyote, karibuni tena mezani kwangu hapa Mombasa. Mniwie radhi kwa kelele za pampu, kuizima siwezi. Kitu cha leo ni hiki hapa. Ukikitazama utadhani kidarubini cha mtoto, sivyo? Ni refraktomita, ya kupimia chumvi kwenye maji. Nimeinunua shilingi elfu tatu na mia tano, pesa yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa bure. Lakini kabla sijasema inafaa au haifai, kwanza mgonjwa.

Mnamwona pale pembeni mwa jiwe? Huyo ni anemoni. Si ua, si mwani, ni mnyama: ana mdomo, ana mguu wa kujishikiza kwenye mwamba, na hiyo minyiri yenye ncha zilizofura kama vibofu ndiyo anayokamatia chakula. Wataalamu wanamwita Entacmaea quadricolor, na anaishi kwenye miamba kuanzia pwani yetu hii hadi Pasifiki. Huyu nilimnunua kwa mvuvi mwenye leseni. Ndani ya hifadhi ya bahari hakuokotwi kitu, tusije tukaelewana vibaya.

Mwezi wa Mei hakuwa hivi. Alikuwa mweupe pe, amesinyaa kama ngumi ya mtoto mchanga, mdomo wazi, na kila asubuhi namkuta mahali pengine, leo jiweni, kesho kwenye kioo. Anemoni akishapapenda mahali hutulia hapo. Ukimwona anatangatanga, jua kuna jambo.

Na huo weupe, niueleze kidogo. Ule ukahawia wake ni wa vijimwani vidogo sana vinavyoishi mwilini mwake, vinatengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia. Akitaabika anavitoa, ndipo anabaki mweupe. Ndiyo hayohayo yanayoyapata matumbawe bahari ikizidi joto. Kwa hiyo mweupe bado hajafa, ila ni kama amemfukuza mpishi.

Mimi nikadhani ni mwanga. Nikaipandisha taa mpaka mwisho. Kosa! Akasinyaa zaidi. Nikanunua chupa ya madini ya ayodini, elfu moja na mia nane, nikatia matone wiki mbili. Hakuna kitu. Chupa ndiyo ile pale juu ya kabati, imebaki nusu, anayeitaka aje aichukue. Na chumvi nilikuwa napima kila siku kwa haidromita yangu ya plastiki, hii yenye mkono unaopanda na kushuka. Kila siku inaniambia 1.025, yaani uzito wa maji yangu ukilinganishwa na maji safi. Safi kabisa.

Refraktomita ilipofika, tone la kwanza: 1.019. Nikafuta, nikarudia. 1.019.

Maji ya bahari huwa karibu na 1.026, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Mnyama huyu hana figo, hana pa kukimbilia. Maji yakipungua chumvi, na mwili wake unayumba nayo. Sasa chumvi ilipungulia wapi? Uvivu wangu, jamani. Maji nachota baharini kwa madumu. Kawaida nakwenda Nyali, maji yakiwa yamejaa. Ile masika nikaona mbali, nikawa nachota Tudor, karibu na nyumbani. Na Tudor mito inaingia. Maji ya mvua ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi, na dumu langu linachota wapi? Juu.

Haidromita ilinidanganya vipi? Angalieni hapa, nasogeza kamera. Mnaviona vipovu vimeganda kwenye mkono? Vinaunyanyua, basi namba inapanda. Nikiigonga gonga hivi... umeshuka. Haya.

Turudi kwenye refraktomita. Unafunua hiki kifuniko cha plastiki, unadondosha matone mawili juu ya kioo, unafunika pasiwe na hewa, unasubiri nusu dakika maji yashike joto la chombo, unaelekeza kwenye mwanga. Ndani kuna buluu juu na nyeupe chini; zinapokutana ndipo unaposoma.

Lakini hii yangu ina ila, na kwenye tangazo hawakuisema. Vyombo vingi vya bei hii vimetengenezwa kupima chumvi ya kawaida, ile ya mezani, wala si maji ya bahari yenye madini mengine chungu nzima. Ukiiweka sifuri kwa maji safi, kama karatasi yao inavyosema, kisha ukapima bahari halisi ya 35, inasoma karibu 36 na nusu. Dawa yake ni kuisahihisha kwa maji ya kipimo ya 35, yaani maji ambayo chumvi yake inajulikana tayari. Kwenye boksi hayamo! Yananunuliwa mbali. Mimi nimetengeneza mwenyewe: gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyochujwa, kwa mizani inayosoma nukta. Ukidondosha hayo, unazungusha hii skrubu mpaka mstari ukae kwenye 35. Bisibisi yao, kwa njia, ilivunjika siku ya pili.

Kumrudisha ilikuwa polepole. Kila siku nukta moja ya mwisho, 1.019, 1.020, hivyo hivyo, ikachukua wiki nzima. Ukimpandishia kwa siku moja unamuua wewe mwenyewe. Taa nikaishusha. Pampu nikaifunika sifongo, maana anemoni anayetembea akinyonywa humo anasagika na tangi zima linaoza.

Chakula? Nilimpa kipande cha kamba kama punje ya hindi, akakipokea, asubuhi nakikuta kimetemwa, kimezungukwa ute. Nikapunguza mpaka saizi ya dengu, kamba mbichi, si uduvi mkavu wa chumvi, mara tatu kwa wiki. Siku minyiri iliponata kwenye kibano na kukivuta kipande mdomoni, nilimwita mke wangu aje aone. Hakushangaa sana.

Subira inahitajika, ni miezi. Hawa wanyama lakini wana roho ngumu: Uskoti kulikuwa na anemoni wa aina nyingine, Sir John Graham Dalyell alimwokota 1828, wakamwita Granny, akaishi kwenye mtungi wa kioo hadi 1887. Dalyell mwenyewe alifariki 1851.

Basi, refraktomita nunua, ila weka na pesa ya maji ya kipimo. Haidromita nimempa mwanangu achezee.

Sasa ni Septemba, ukahawia umerudi chini ya minyiri, ncha bado hafifu. Na hawa samaki wawili wenye mishipi miwili myeupe, Amphiprion allardi wa pwani yetu, walikuwa wamemkimbia. Juzi jike, yule mkubwa, kaanza kulala naye. Subirini niwaonyeshe... aa, kaingia ndani kabisa, mkia tu unaonekana.