Kuendesha Air Raid katika EA Sports College Football 25: Uzoefu Wangu

Mtu anayenunua EA Sports College Football 25 akidhani kwamba kushambulia kwa pasi nyingi ni kurusha mpira mbali kila mara atauchoka mapema, kwa sababu mchezo huu humlipa zaidi anayetoa pasi fupi kwa wakati wake kuliko anayetafuta yadi 50 kwa mkupuo mmoja. Nimeucheza kwenye PlayStation 5 tangu ulipotoka Julai 2024, karibu wakati wote nikitumia kitabu cha mbinu cha Air Raid, yaani mtindo wa kushambulia kwa pasi nyingi, na ninamwandikia msomaji anayeifahamu futiboli ya Marekani kwa kiasi fulani lakini bado anajiuliza kama mtindo huu unastahili muda wake na dola 69.99 zilizotozwa kwa toleo la kawaida lilipotoka. Kwa maoni yangu unastahili, ila tu kwa mtu ambaye yuko tayari kuwatazama walinzi kabla ya kuwatazama wapokeaji wake.

Michezo ya video ya futiboli ya vyuo ilitoweka baada ya NCAA Football 14 ya mwaka 2013, wakati kesi ya Ed O'Bannon, mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu, ilipoibua swali la kwa nini sura za wanachuo zitumike bila wao kulipwa. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata kipato kutokana na majina na sura zao, na ndiyo maana toleo hili lina majina halisi ya wale waliokubali, ambao kila mmoja aliahidiwa dola 600 pamoja na nakala ya mchezo. Timu zote 134 za daraja la juu zimo. Kwa mpenzi wa pasi, idadi hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika ligi ya kulipwa, NFL, timu hufanana mno, ilhali hapa wiki hii unaweza kukutana na Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini, inayokimbia na mpira karibu kila jaribio, na wiki ijayo ukakutana na timu inayopanga wapokeaji wanne au watano kwa dakika zote 60.

Mtindo wenyewe una historia yake. Hal Mumme na msaidizi wake Mike Leach walianza kuujenga mwaka 1989 katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, wakichota mengi kutoka kwa timu za chuo cha BYU zilizofundishwa na LaVell Edwards, kisha Leach akaupa umaarufu mkubwa alipokuwa kocha mkuu wa Texas Tech, mjini Lubbock, kuanzia 2000 hadi 2009. Mimi ninaishi Texas, na hapa bado utawasikia watu wakisimulia usiku wa Novemba 1, 2008, Texas Tech ilipoifunga Texas 39 kwa 33 baada ya Graham Harrell kumrushia Michael Crabtree pasi ya tachidauni ikiwa imebaki sekunde 1. Nilipoanza hali ya mchezo inayoitwa Dynasty, ambayo humfanya mtu kuwa kocha kwa misimu mingi, sikuhangaika sana kuchagua timu.

Leach alikuwa na mbinu chache ambazo wachezaji wake walizirudia mazoezini mpaka zikawa mazoea, na hapo ndipo anayeanza anapaswa kuwa na msimamo, kwa kuwa kitabu cha Air Raid ndani ya mchezo kina mbinu nyingi kuliko mtu yeyote anavyohitaji. Nimezibakiza chache tu: Mesh, Y-Cross, njia nne za moja kwa moja, Stick (pasi fupi ya haraka), pasi za kando nyuma ya mstari, na mbio moja ya hila. Anayebadilisha mbinu kila jaribio kwa sababu michoro inapendeza hatawahi kujua mpokeaji wa pili yuko wapi pale wa kwanza anapozibwa.

Sheria za vyuo zinausaidia mtindo huu, na mchezo umezifuata. Alama za katikati ya uwanja, ambazo mpira huwekwa kati yake kabla ya kila jaribio, zimeachana futi 40, ilhali katika NFL zimeachana futi 18 na inchi 6 tu. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia unabaki mpana kiasi kwamba wapokeaji watatu wakipangwa huko walinzi wanalazimika kuamua ni nani aachwe peke yake. Vilevile walinzi wa mstari wa mbele wa timu inayoshambulia wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla ya pasi kutolewa, wakati katika NFL ni yadi 1, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoziwezesha zile mbinu ambamo kwotabeki, yule mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuamua hatima yake, anachagua katikati ya tendo kama aukabidhi kwa mkimbiaji au aurushe.

Mesh ndiyo mbinu niliyoitumia zaidi ya nyingine zote, na ndiyo inayoonyesha vizuri namna mchezo ulivyotengenezwa. Wapokeaji wawili wanatoka pande tofauti na kukatiza uwanja kwa kina cha yadi 6 hivi, wakipishana kwa ukaribu kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, huku mkimbiaji akitoka pembeni na mpokeaji mwingine akielekea kwenye kona. Ulinzi ukiwa wa mtu kwa mtu, mlinzi anayemfukuza mmoja wao hujikuta amezibwa na msongamano wa pale katikati, na mpokeaji hutoka upande wa pili akiwa huru na uwanja mtupu mbele yake. Ulinzi ukiwa wa kanda, hakuna anayefukuzwa, kwa hiyo pasi ya haraka kwa anayekatiza humpeleka moja kwa moja kifuani mwa mlinzi wa kati anayemngoja. Hapo ninasubiri nusu sekunde zaidi mpaka mpokeaji avuke kivuli cha mlinzi huyo na kuingia kwenye uwazi unaofuata, au ninampa mkimbiaji pembeni na kuridhika na yadi 4. Mbinu ni ileile na picha kwenye skrini ni ileile, lakini wakati wa kuachia mpira ni tofauti, na hakuna kitufe kinachomfanyia mtu uamuzi huo.

Urushaji wenyewe una kipimo kidogo kinachotokea kitufe kinapobonyezwa, na usahihi wa pasi unategemea mahali pa kukiachia. Kugusa tu kitufe hupandisha mpira juu na kuuangusha nyuma ya mlinzi, na kukishikilia huunyoosha na kuuongezea kasi. Kijiti cha kushoto kinausukuma mpira mbele, nyuma au pembeni mwa mpokeaji. Wanaotoka kwenye Madden, mchezo wa EA wa NFL, wataona mfanano, lakini pasi ya chuo ina makosa mengi zaidi ya kibinadamu, kwa maana kwamba kwotabeki wa kiwango cha kati hukosea hata pale mchezaji alipofanya kila kitu sawasawa, na binafsi naona ni haki kabisa. Wale ni vijana wa miaka 19 na 20.

Y-Cross inahitaji subira zaidi. Mpokeaji wa ndani anakata uwanja akipanda taratibu hadi kufika upande wa pili kwa kina cha yadi 20 hivi, huku wenzake wakikimbia moja kwa moja kuwavuta walinzi wa nyuma. Ni mbinu ninayoiita nikiona mlinzi mmoja tu wa nyuma katikati, na ninaiacha kabisa safu yangu ya mbele inapokuwa dhaifu, kwa kuwa kwotabeki ataangushwa kabla njia haijakomaa. Njia nne za moja kwa moja nazo zinadhaniwa kuwa ni mbinu ya kubahatisha, na si kweli. Ulinzi wenye watu watatu nyuma, yaani Cover 3, una mlinzi mmoja wa kati anayepaswa kuwazuia wapokeaji wawili wa ndani kwa pamoja. Ninamtazama yeye peke yake: akiegemea kushoto mpira unakwenda kulia, kwa kasi na kwa kunyooka, kabla mlinzi wa pembeni hajageuza kichwa. Ulinzi wa watu wanne nyuma unaizima mbinu hiyo, na mtu mwenye busara huibadilisha kabla mpira haujaanzishwa.

Kuibadilisha ndiko kunakokuwa kugumu ugenini. Mchezo unazipa nguvu kelele za mashabiki: skrini inatikisika, michoro ya njia za wapokeaji inapindapinda au kuonyesha isivyo, na mchezaji mchanga huathirika zaidi kuliko mwenye uzoefu. Katika orodha ya mchezo wenyewe ya viwanja vigumu kuvitembelea, Kyle Field wa Texas A&M, ambao huchukua watu 102,733, ulipewa nafasi ya kwanza. Timu inayokimbia na mpira haiumizwi sana na jambo hilo, lakini timu inayotegemea kusoma na kurekebisha inapokonywa macho yake. Dawa niliyoipata ni kuingia na mbinu ambazo sihitaji kuzitazama, na hapo ndipo ule uchache wa mbinu unapolipa, kwani nikiijua Mesh kwa moyo mchoro uliopinda haunibabaishi. Ninaitoa pia pasi ya kando nyuma ya mstari mapema, mara mbili au tatu, mpaka kwotabeki atulie.

Jambo la pili lenye gharama ni mfumo wa uchakavu wa mwili. Kila pigo linaandikwa kwenye sehemu ya mwili iliyogongwa, na uwezo wa mchezaji unapungua kadiri mapigo yanavyolundikana, ndani ya mechi na hata kuvuka hadi wiki zinazofuata. Katika mtindo wa pasi nyingi waathirika ni wawili. Wa kwanza ni kwotabeki, ambaye hugongwa hata akiwa tayari ameuachia mpira, na wa pili ni mpokeaji wa ndani, yule mdogo mwepesi anayepokea pasi fupi katikati ya walinzi wakubwa mara kumi kwa mechi. Nikimtumia huyo mmoja tu tangu Septemba, Novemba anafika akiwa nusu ya alivyokuwa. Ninafurahi kwamba waundaji hawakulipuuza hili, maana bila hiyo gharama Air Raid ingekuwa njia ya mkato ya kushinda kila mechi.

Kwa hiyo usajili katika Dynasty unabadilika. Kila wiki kocha anapewa saa kadhaa za kuzigawa miongoni mwa vijana wa sekondari anaowataka, na upelelezi hufichua kama kijana ni bora au ni hafifu kuliko nyota zake zinavyosema. Sishindanii wapokeaji warefu wanaogombewa na vyuo vikubwa. Saa zangu zinakwenda kwa wapokeaji wafupi wenye wepesi wa kukata kona, watatu au wanne kwa msimu ili wapokezane, na kwa walinzi wa mbele wenye alama kubwa za kuzuia wakati wa pasi, ambazo mchezo unazitenganisha na alama za kuzuia wakati wa mbio. Texas ina vijana wa aina hiyo tele. Aina ya kocha nayo inachaguliwa mwanzoni kati ya Motivator, Recruiter na Tactician, na kwa chuo kisicho na jina kubwa naona ya pili ndiyo yenye faida ya haraka.

Kuhusu toleo lililofuata nitasema kidogo. College Football 26, lililotoka Julai 10, 2025, limeongeza makocha halisi zaidi ya 300, na anayependa kuona jina la kocha anayemfahamu atavutiwa nalo. Haya ninayoyaeleza kuhusu pasi ni ya toleo la 25.

Kiwango cha ugumu ninachokipendekeza ni All-American, kilicho cha tatu kati ya vinne. Chini yake walinzi wanaachia mianya mingi mno, na pasi ndefu inazaa matunda ambayo haistahili. Heisman, kilicho juu kabisa, kinamfaa aliyekwisha kuzoea kuachia mpira kwa wakati.

Wapinzani wa mtandaoni ni habari nyingine. Wengi wakishaona wapokeaji wanne wamepangwa, wanawatuma walinzi watatu tu kumkimbilia kwotabeki na kuwarudisha wanane nyuma. Wazo hilo si geni, kwani Iowa State iliwahangaisha wapenda pasi wa Big 12, ligi yake ya vyuo, kwa watu watatu mbele na walinzi watatu wa nyuma tangu 2017, na ndani ya mchezo nalo linafanya kazi: Mesh inajaa watu, Y-Cross inakosa mahali pa kutua, na mwenye haraka anaanza kutupa mipira inayonaswa. Mimi hapo nahesabu. Wakiwa watano tu karibu na mstari, wale watatu na wawili walio nyuma yao, dhidi ya watano wangu wa kuzuia, kwotabeki anarudi nyuma kana kwamba anarusha, kisha anamkabidhi mkimbiaji katikati, na yadi 6 au 7 zinapatikana bila jasho. Ninashikilia kitufe cha pembetatu ili wachezaji wajipange upya bila kukusanyika, mpinzani asipate nafasi ya kubadilisha watu wake, na ninaurudia mpango uleule. Mlinzi wa kati aliyekuwa amerudi nyuma anaanza kusogea mbele hatua moja, halafu mbili, na anapofika usawa wa mstari ninamwita mpokeaji wa ndani apite nyuma ya mgongo wake.