Honda Element na Surly Pugsley kwenye theluji ya Minnesota: tathmini baada ya misimu mitatu ya baridi

Mtu akiniuliza kwa nini nilinunua gari lenye umbo la kabati, simjibu kwa maneno. Huzunguka naye hadi nyuma, nikafungua mlango na kumwonyesha baiskeli mbili za matairi manene zilizosimama wima, zimevuliwa magurudumu ya mbele tu, na pembeni yake viatu, pampu na chupa ya chai. Ninaishi Minneapolis, lakini nilikulia Moshi, mahali ambapo theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali asubuhi mawingu yanapofunguka, wala si kitu cha kuondoa kwa koleo mlangoni kabla ya kwenda kazini. Kwa hiyo ninaandika kama mtu aliyejifunza mambo haya ukubwani, na kwa fedha yake mwenyewe: gari nililipata likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na baiskeli yangu, Surly Pugsley, nayo ni ya mtumba.

Honda Element ilitengenezwa Ohio, nchini Marekani, na kuuzwa huko kuanzia toleo la mwaka 2003 hadi 2011, kisha ikaachwa. Langu ni la mwaka 2007, lenye injini ya lita 2.4 na mfumo ambao katika hali ya kawaida huyavuta magurudumu ya mbele peke yake, na kuyapelekea ya nyuma nguvu pale tu ya mbele yanapoanza kuteleza. Sakafu yake haina kapeti. Imefunikwa kwa utando mgumu unaofanana na mpira, ambao theluji ikiyeyuka juu yake na kuacha tope na chumvi, kitambaa chenye maji kinatosha kuusafisha. Wapo wanaosimulia kwamba unaweza kuingiza bomba la maji na kuiosha kama sakafu ya bucha. Usithubutu, kwa sababu chini ya siti zinapita nyaya. Siti za nyuma ni mbili tu, na kila moja hukunjwa ikaning'inizwa ubavuni mwa gari au kutolewa kabisa. Nazo zikitoka, pengo linalobaki lina kimo cha kutosha baiskeli isimame bila kulazwa juu ya mnyororo wake. Mlango wa nyuma kabisa hufunguka vipande viwili, cha juu kikipanda na cha chini kikishuka, na hicho cha chini ndicho benchi ninaloketi kubadilisha viatu huku miguu yangu ikiwa nje ya theluji. Katika nyuzi 15 chini ya sifuri, benchi kavu ni anasa ambayo hakuna bei ya siti za ngozi inayoifikia.

Maegesho ya Theodore Wirth, bustani kubwa iliyoko magharibi mwa jiji ambako mwezi Februari 2024 yalifanyika mashindano ya Kombe la Dunia la kuteleza kwa ski za masafa, ni mahali pazuri pa kusikiliza mabishano kuhusu magari. Jumamosi asubuhi huwakuta waendesha baiskeli za milimani wakipasha mikono kwa vikombe na kupimana kwa vifaa. Mwenye pikapu husifu urefu wa gari lake kutoka ardhini, ingawa baiskeli yake imesafiri ikiwa wazi kwenye upepo na sasa imepakwa chumvi ya barabarani kama samaki wa kukaushwa. Mwenye Subaru Outback husema gari lake halijawahi kukwama, nami sina sababu ya kumbishia. Mwenye Toyota Sienna, gari la kubebea familia, husemwa kwa utani kwamba amezeeka mapema, kisha watu hao hao humwomba nafasi ya baiskeli zao. Rafiki yangu mmoja wa kutoka Eldoret alipoingia kwenye Element kwa mara ya kwanza, aliigusa sakafu, akakunja siti moja na kuikunjua, akasema, "Ndugu yangu, hii ni Probox iliyoenda shule." Sijasikia tathmini iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo. Anayeifahamu Probox ya Kenya, inayopandishwa mlimani na mirungi, maziwa, na abiria ambao hesabu yao haisemwi mbele ya askari, anaelewa kwamba sifa ya gari la kazi ni nafasi iliyo ndani na urahisi wa kulitengeneza, wala si maandishi yaliyobandikwa nyuma.

Jambo ambalo mabishano hayo hulipita haraka ni matairi. Nimemwona mtu mwenye gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne akipita taa nyekundu pole pole, usukani ameukata na breki ameikanyaga, kwa sababu alikuwa na matairi ya majira yote ambayo mpira wake hukakamaa kwenye baridi kali. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kuondoka; hayakusaidii kusimama. Matairi ya majira ya baridi, yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni, hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na yana mikato myembamba inayoishika theluji. Wafini wa Nokian walikwisha kutengeneza tairi la namna hii mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na mwaka 1936 wakatoa Hakkapeliitta kwa magari madogo. Kama fedha haitoshi kununua gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote pamoja na matairi haya, mimi ningechukua gari la kuvuta mbele na kununua matairi. Na tena, chumvi inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu baridi inapopita nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi zile zilizo nzuri kabisa kwa baiskeli ndizo asubuhi ambazo lami ina barafu isiyoyeyuka.

Sasa baiskeli yenyewe. Watu wa Alaska walianza kushindana kwenye theluji kwa baiskeli mwaka 1987, katika mbio za Iditabike za maili 200, wakiwa na baiskeli za milimani za kawaida, na kwa kuwa matairi membamba yalizama, mafundi walijaribu kila njia: kuunganisha ringi mbili kwa kuzichomelea, kisha kuchonga ringi pana zaidi. Surly, chapa iliyoko Bloomington, mji ulioko kusini mwa Minneapolis, ilitoa Pugsley mwaka 2005 ikiwa na tairi la upana wa inchi 3.7 na ringi za milimita 65, na kwa hatua hiyo baiskeli ya theluji ikaacha kuwa kazi ya karakana za watu wachache, ikawa bidhaa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiagiza dukani. Fremu yake ni ya chuma, nzito, na haina shokapu mbele wala nyuma. Yeyote aliyekua akipanda Phoenix ya babu yake, yenye keria na kengele, atatambua mara moja hekima ya chuma hicho.

Ubunifu wake unaonipendeza zaidi haupo kwenye matairi. Ili mnyororo upite pembeni ya tairi pana bila kuhitaji habu ya pekee, Surly waliisogeza sehemu ya nyuma ya fremu kwa milimita 17.5 upande mmoja, na habu ya kawaida ya milimita 135 ikatosha. Uma wa mbele nao wakaufanya hivyo hivyo, kiasi kwamba gurudumu la mbele na la nyuma yanaweza kubadilishana nafasi. Mtu asiyeijua baridi ataona ni mapambo. Lakini friwili huwa na vijino vidogo vinavyosukumwa na springi, na grisi ndani yake ikiganda vijino havirudi. Unakanyaga pedali nazo zinazunguka bure kama pangaboi, ukiwa kilomita 20 kutoka nyumba ya karibu. Ndiyo sababu baadhi ya wasafiri wa masafa marefu hufunga mbele gurudumu lenye giya moja, na la nyuma likigoma wanayabadilisha nafasi na kuendelea. Mimi sijafika huko. Nimetoa grisi ile nzito na kupaka mafuta mepesi, na tangu hapo friwili haijanisumbua.

Breki zangu ni za diski zinazovutwa kwa waya. Wanaotumia breki za mafuta wananicheka wakati wa kiangazi, nami siwajibu hadi Januari, ambapo baadhi ya breki hizo hulegea au kuchelewa kurudi, kwa kuwa mafuta yake yameshakuwa mazito. Waya una maudhi yake pia, kwani maji yakiingia kwenye ala yake yataganda, lakini fundi yeyote mwenye koleo anaweza kuubadilisha kandokando ya njia.

Upepo wa tairi ndio somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Nilizoea kwamba tairi hujazwa hadi kidole kisiweze kulibonyeza. Kwenye theluji ni kinyume: paundi 8 kwa inchi ya mraba ni nyingi, 5 zinafaa njia iliyoshindiliwa, na theluji mpya ikianguka unaweza kushuka hadi 3 au 4, tairi likatandaza mguu wake kama ngamia. Msimu wa kwanza nilijaza 8 sebuleni kwenye nyuzi 20, nikatoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na nikashangaa kuliona tairi limelegea. Hakukuwa na tundu lolote. Hewa iliyo ndani hunywea kwa baridi, na ukipiga hesabu, paundi hizo 8 hubaki karibu 5. Kanuni hiyo hiyo hushusha matairi ya gari kutoka paundi 35 hadi 28 hivi, na ndiyo inayowasha ile taa ya njano kwenye dashibodi kila wimbi la baridi linapoingia. Nunua kipimo cha upepo kinachosoma vizuri chini ya paundi 10, kwa sababu kilichopo kwenye pampu nyingi, katika viwango hivyo, hukisia tu.

Njia za Wirth hushindiliwa kwa mashine na ni laini kama sakafu iliyopigwa niru. Zile za bonde la mto Minnesota, kule Bloomington, hushindiliwa zaidi na matairi ya waendesha baiskeli wenyewe, na kwa hiyo anayetangulia baada ya theluji mpya ndiye anayelipa deni la wote. Adabu ya njia hizi ni moja: tairi lako likianza kuacha mfereji wa kina cha inchi moja au zaidi, theluji imelainika, shuka na urudi garini, kwa maana mfereji huo ukiganda usiku utakuwa mtego wa kesho. Pembezoni mwa mto kuna barafu tupu, na hapo upana wa tairi hausaidii kitu. Kinachosaidia ni misumari midogo iliyopachikwa kwenye mpira. Bei ya matairi hayo inauma. Kuvunjika nyonga kunauma zaidi.

Kuhusu mikono, achana na glavu nene zisizokuwezesha kukamata breki, ufunge kwenye usukani ile mifuko mikubwa iliyo wazi upande mmoja, uingize mikono ndani yake ukiwa na glavu nyembamba. Vidole vyangu vya miguu bado sijavipatia dawa kamili.

Hapa ndipo gari na baiskeli vinapokutana, na ndipo nilipobadilisha mawazo. Mwanzoni nilikuwa na keria ya kufunga nyuma ya gari, ambayo jina lake nitalihifadhi. Chumvi iliishikisha kutu kwenye bawaba kabla msimu haujaisha, na kila safari baiskeli ilifika imerashiwa maji ya chumvi hadi kwenye tandiko. Nikaanza kuipakia ndani, nikawasha hita kama mstaarabu, na theluji iliyoganda kwenye habu na waya ikayeyuka njiani, ikapenya kila tundu, kisha ikaganda upya dakika kumi baada ya kushuka. Sasa naifuta theluji yote kwa brashi kabla ya kupakia, naacha sehemu ya nyuma ya gari ibaki baridi ninapokwenda, na nyumbani baiskeli hulala kwenye gereji isiyo na joto. Hewa ya moto naielekeza kwenye miguu yangu peke yake. Wake za marafiki zangu wamekwisha kukataa kupanda.

Element ina mapungufu yasiyofichika. Ina siti nne tu, hivyo familia ya watu watano isiifikirie. Milango ya pembeni ya nyuma haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza, jambo linalochosha penye maegesho yaliyobanana. Hunywa mafuta, kwani yangu huenda kilomita 8 au 9 kwa lita, wakati Sienna mpya, ambayo tangu toleo la 2021 huuzwa ikiwa ya mafuta na umeme pamoja, hufika karibu 15 na inaweza kupatikana ikiwa na mota ya umeme ya kuvuta magurudumu ya nyuma. Aidha, kila Element iliyobaki sokoni ni nzee, na katika jimbo linalomwaga chumvi miezi mitano, uichunguze chini kwa tochi kabla ya kutoa hata dola moja. Mwenye bajeti ya gari jipya ningemshauri achukue Sienna, azikunje sakafuni siti za nyuma kabisa na kutandika turubai.

Pugsley ningeinunua tena bila kusita, kwa anayetaka kusafiri na kufika. Anayetaka kukimbiza saa atafute fremu nyepesi. Mwishoni mwa Januari huwa kuna mbio za Arrowhead 135, maili 135 kutoka International Falls hadi Tower, mji ambao Februari 1996 ulipimwa nyuzi 51 chini ya sifuri, na washiriki hutakiwa kubeba mfuko wa kulalia na jiko. Rafiki yangu wa Eldoret ameanza kunitajia mbio hizo kila Jumamosi. Nimemwambia kwamba nitakuwa dereva wake, na kwamba benchi la nyuma litamsubiri Tower likiwa wazi.