Sare sita za askari wa 1916: uzoefu wangu na fundi wa Dodoma

Kwa anayetafuta fundi wa kushona nguo za kijeshi za zamani hapa Dodoma, iwe kwa maigizo au maonyesho, mimi nimempata na nitamrudia. Ila ngoja kwanza nieleze alivyonitoa jasho, maana ukienda kwake kichwakichwa utarudi na sare nzuri ajabu ambayo siyo yenyewe.

Kikundi chetu kilikuwa kinaandaa mchezo wa Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Mtunya huwezi kuuigiza bila askari. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walikusanya ng'ombe na nafaka za watu kulishia jeshi lao. Majeshi ya upande wa Waingereza yalipoingia Dodoma, Julai 29, 1916, nayo yakaendelea kuchukua, na juu yake yakataka vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghalani hakukuwa na kitu. Mara ya kwanza tulipouonyesha mchezo huu tuliazima kaptula za skauti. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa sauti, tena katikati ya tukio la kusikitisha kuliko yote, kama wale ni askari au watoto wa gwaride. Uwanja mzima ukacheka. Nikaapa sitarudia.

Basi nikahitaji sare sita: nne za askari wa Mjerumani, mbili za KAR (King's African Rifles), yaani askari Waafrika wa Mwingereza.

Fundi wangu ni mzee wa upande wa Majengo, kazi yake kubwa ni sare za shule. Nilipotaja neno "jeshi" tu alisukuma picha zangu pembeni. Simlaumu. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa kila raia aliyenazo azisalimishe. Ilibidi nimweleze kwamba hizi ni kaki tupu, hazina mabaka, na ni za vita vya zaidi ya miaka mia iliyopita. Nikamletea na barua ya afisa utamaduni. Alipoisoma mara mbili ndipo akachukua tepu.

Kitambaa nilinunua mwenyewe, na hapa nakushauri usimwachie mtu. Kaki nyingi madukani zimechanganywa na poliesta, na zikipigwa taa zinang'aa kama mfuko wa plastiki. Chomoa uzi mmoja uuwashe. Pamba inaungua ikawa majivu na kunuka kama karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuza duka wa tatu alinivumilia, nikapata pamba tupu kwa shilingi 9,500 mita. Nilichukua mita 21. Ufundi tukapatana 70,000 kwa kila seti, nusu nikatanguliza.

Baada ya wiki mbili akaniita kuona sare ya mfano. Jamani, ilikuwa nzuri! Kola imesimama kwa gamu, ndani imepigwa overloki safi, suruali ina zipu, mifuko miwili ya siri, na mstari wa pasi unaoweza kukukata kidole.

"Baba, hii zipu imetoka wapi?"

"Mwalimu, sasa askari mzima afunge suruali kwa vishikizo kama mtoto?"

Nikamwambia ndiyo, 1916 suruali zilifungwa kwa vishikizo. Akaniangalia kama mteja anayejipunja mwenyewe. Ndipo nilipoelewa shida yetu. Mzee huyu picha anaiona vizuri sana, pengine kuliko mimi, lakini kila anachokiona kimepungua anakijazia kwa moyo safi. Amekaa na cherehani miaka mingi akirekebisha makosa ya watu, na kwake sare yangu ilikuwa imejaa makosa.

Tukafumua. Siku hiyo nilikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu, na ndiyo siku niliyomheshimu. Nilipomwomba aache overloki, alinyamaza kidogo, kisha akavuta Singer ya kukanyaga kwa miguu iliyokuwa imefunikwa kwa khanga nyuma ya mlango. Akaanza kushona mshono wa kulaza, ule wa kukunja ukingo mmoja ukaumeza mwingine, halafu unapita juu mara ya pili. Hakuna uzi unaochomoza, ndani na nje panafanana. Alisema hivyo ndivyo alivyofundishwa, overloki ilikuja baadaye. Matundu ya vishikizo akayafuma kwa mkono, moja baada ya jingine, miwani ikimning'inia puani. Vishikizo vya shaba nilivipata kwenye makoti ya mitumba Sabasaba. Kazi hii sijaona kijana anayeiweza hapa mjini, na ukiniuliza nililipia nini, nililipia hiyo.

Kofia hakuzigusa, na alikuwa mkweli kuhusu hilo. Askari wa Mjerumani vitani alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki na pazia la kukinga shingo na jua, na mbele ana nembo ya ndege tai ya rangi ya fedha. Ndani ya ile kaki mlikuwa na umbo lililosukwa, kwa hiyo nilikwenda kwa mama mmoja msusi wa vikapu. Alinisukia vichwa vinne kwa siku mbili huku akishangaa vikapu gani hivi visivyo na mshikio. Fundi akavivika kitambaa. Matai tulikatiwa kwenye bati la kopo la maziwa. Kwa mbali ni tai, kwa karibu ni kuku, tuyaache hayo.

Kwa KAR mzozo ulikuwa miguu. Askari wao wengi wa mwanzo wa vita hiyo walivaa kaptula, wakazungushia muundi vitambaa virefu vya bluu iliyokolea, na chini ya hapo pekupeku. Fundi alikataa kuamini. Alinikatia vitambaa vifupi akidai vingine vitamezwa na buti. Buti hazipo, baba. Akakata upya, kitambaa kikiwa juu yake, bila kuniongezea hata senti.

Mabaya sasa. La kwanza, alichelewa siku tisa. Julai wanafunzi wa kidato cha tano wanaripoti shuleni, na sare zao zilinipita foleni mbele ya macho yangu. Tulikuwa tunaonyesha Siku ya Mashujaa, tarehe 25, na sare ya sita niliichukua tarehe 23 usiku ikiwa na chaki bado. Simu alikuwa anapokea, hilo nampa, lakini kila mara jibu lilikuwa "kesho asubuhi".

La pili ni vyeo. Ombasha, yaani koplo wa Mjerumani, alikuwa na alama moja nyekundu ya V kwenye mkono wa kushoto, shaushi, yaani sajini, alikuwa nazo mbili. Nilimchorea. Akazishona mikono yote miwili. Kwa nini? "Zilingane." Tulizifumua za kulia usiku wa kuamkia onyesho kwa wembe, na koti la shaushi limebaki na kivuli cha V ukiliangalia juani. Mwigizaji wake alicheza jioni nzima akiwapa watazamaji bega la kushoto.

Upya wa nguo ndiyo kitu ambacho sikuwa na haja ya kulipia. Zile zilizotangulia kutoka tulizifua mara nne kwa sabuni ya mche, tukazianika bila kupiga pasi, kisha tukafanyia mazoezi uwanjani wiki nzima. Vumbi la Dodoma lilimaliza kazi bure.

Ukijumlisha kitambaa, ufundi, kofia na vikorokoro, kila sare ilinigharimu kama laki moja na thelathini. Si bei ya chini. Lakini yule mzee wa safari ile alirudi, akakaa kiti kilekile, na askari walipoingia kuchukua ng'ombe hakucheka mtu.

Patani zipo kwake, zimekatwa kwenye mfuko wa saruji na kuning'inizwa msumarini, zimeandikwa "askari wa mwalimu". Ukienda mwambie akushushie hizo. Nenda Aprili, siyo Juni. Na kaa naye akiwa anashona mkono wa kulia.